Sura ya Wali

Jikoni kwa mama yangu hapakuwa na saa. Ya ukutani ilikuwepo sebuleni, lakini hiyo mama aliihesabu kuwa ya wageni, haikuhusiana na sufuria. Yeye alipika kwa kusoma. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Wasichana wa mtaa wetu hapa Ujiji wamejifunza msahafu kwenye baraza yetu tangu kabla sijazaliwa, na mtaa mzima unamwita Bi Mwalimu. Msahafu wote ulikuwa kichwani mwake. Akibandika chakula alianza sura, na sura ikiisha aliepua.

Ndiyo maana nyumbani kwetu sura zilikuwa na majina mawili, lile la kwenye msahafu na lile la jikoni. Kulikuwa na sura ya mayai, fupi, ambayo kila mtoto anaijua. Kulikuwa na sura ya mgebuka wa kukaanga, iliyosomwa mara moja kwa kila upande wa samaki. Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa na sura yake, ndefu kuliko zote, na mama aliigawa vipande, cha kabla ya kutia mawese na cha baada ya mawese. Na ilikuwepo sura ya wali. Hiyo ndiyo ile yenye swali moja linalorudi na kurudi kati ya aya na aya, tamu mno masikioni, na urefu wake unatosha wali uliopaliwa makaa ukauke bila kushika chini. Mpaka leo imamu akiisoma msikitini mimi tumbo linaunguruma. Sijivunii, nasema ilivyo.

Baadhi ya ndugu waliona huo ni utovu wa adabu, maneno ya Mungu kugeuzwa kipimo cha wali. Mama aliwajibu kwamba maneno hayo yaliteremshwa kwa watu wanaokula, na kwamba hajui wakati mzuri zaidi wa kuyasema kuliko ule wa kusubiri chakula cha wanao. Akaendelea kupepea moto.

Hivyo ndivyo alivyoishi na dini yake. Ukimpelekea shida alikupa aya, na papo hapo alikupa kazi. Mimi nauza dagaa. Nanunua Katonga asubuhi boti zikirudi, naanika, nikishakausha napeleka Mwandiga kwa wanaokwenda nao Kasulu na kwingineko. Mvua ikikuwahi dagaa wakiwa bado kwenye chanja, umeumia. Nilikuwa narudi nyumbani nimenuna, mama ananisomea aya ya subira mpaka mwisho, kwa sauti nzuri kabisa, halafu ananiuliza turubai lilikuwa wapi.

Baba alipofariki mama alikaa eda yake akisoma. Eda ilipokwisha akatandika mkeka barazani, akawaita wasichana, akaanzia pale walipoachia. Nilimuuliza kama haumii. Akasema anaumia, ndiyo maana anasoma. Mimi na haraka zangu sikuona kwamba hilo ni jibu.

Wali ulianza kuungua mwaka ambao mama aliacha kufundisha. Alisema ni magoti, hawezi tena kukaa chini muda mrefu, na sisi tukaamini magoti. Mara ya kwanza alilaumu mkaa. "Mkaa wa siku hizi hauna ustaarabu," alisema, tukacheka, tukala ukoko. Nikanunua mkaa mwingine. Wali ukaungua tena. Nikanunua sufuria nzito. Nilikuwa na orodha ndefu ya vitu vya kulaumu na mama hakuwemo.

Aliyeniambia ni mpangaji wetu. Nyuma ya nyumba kuna chumba, na humo anakaa mama mmoja wa Kidahwe, Muha, Mkristo, anayeimba kwaya na kuondoka kila Jumapili na kitabu chake kwapani. Amekaa nasi miaka mingi, anapika uani pamoja na mama, na hajui herufi moja ya Kiarabu. Asubuhi moja alinisubiri nikitoka kwenda Katonga, akanisalimu kwa Kiha.

"Amahoro, mama. Bibi hamalizi."

"Hamalizi nini?"

"Ile yake ya wali. Anafika mahali, anarudi. Jana amerudi mpaka nimechoka mimi."

Nilimkasirikia. Nilimwambia ile sura ndivyo ilivyo, ina maneno yanayorudiwa, asiyeijua atadhani msomaji anarudi. Akanijibu kwa upole kwamba maneno yanayorudiwa anayajua, ameyasikia tangu aingie nyumba hii. Anachosema ni kwamba Bibi hatoki.

Siku hiyo sikwenda Mwandiga. Adhuhuri nilikaa uani najifanya nachagua mchele, nikasikiliza. Sura ile ina mtego ambao kila aliyepita chuoni anaujua. Kwa kuwa swali ni lile lile, ukishalisema unaweza kutokea kwenye aya yoyote. Ni kama nyumba ya milango mingi inayofanana. Wasichana wa mama walikuwa wakipotea humo, wanarudi mwanzoni bila kujua, wenzao wanacheka, naye anagonga mkeka kwa kidole kuwarudisha. Sasa nilimsikia yeye mwenyewe. Alifika kwenye aya zinazotaja bahari mbili, akasema swali, akatokea kwenye zile za jua na mwezi. Akaja tena mpaka baharini, akasema swali, akarudi tena kwenye jua na mwezi. Sauti yake haikuyumba hata kidogo. Alikuwa ametulia, anapepea moto, anazunguka, na wali chini unashika.

Niliogopa. Nimewahi kuogopa vitu vingi kwenye ziwa hili, lakini sikuwahi kuogopa sauti ya mama.

Nilifanya kile ambacho mtu kama mimi hufanya, nikachukua usukani. Nilimpeleka kwa daktari mjini, naye akasema ni maradhi ya kusahau, dawa zipo lakini zisitutie matumaini makubwa, tumwache afanye alivyozoea kadiri inavyowezekana. Katika maelezo yote hayo nilishika lile la maradhi na kuachia lile la mwisho. Nikanunua jiko la gesi na kuliweka ndani, nikampiga marufuku kukaribia moto. Mkaa nikaufungia. Akisoma nikasikia amekosea, nilimwambia, "Mama, hapo umeshapita." Nilidhani namsaidia. Kila nilipomwambia hivyo alinyamaza, ananitazama kama anayeulizwa jambo mbele ya watu, na sura ikaishia hapo. Baada ya muda akaacha kabisa kusoma. Alikaa barazani mikono mapajani. Chakula kilikuwa kinaiva vizuri, na hakuna aliyekifurahia.

Kaka yangu anaishi Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyekuwa fahari ya baraza yetu; alihitimu msahafu akiwa mdogo, mama akachinja mbuzi, watu wakala hadi barabarani. Mimi nilikuwa mvivu wa kuhifadhi, nilijua sura za jikoni tu, na hizo kwa sababu ya njaa. Nilipompigia simu kumweleza hali ya mama alisema atakuja kumchukua. Ana nyumba yenye geti, ana msichana wa kazi, hospitali kubwa ziko karibu. Alisema kwa moyo mweupe. Nikamwambia sawa, aje baada ya Idi.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa naamka kumwangalia kama bado yupo kitandani, naenda Katonga roho ikiwa nyumbani, wenzangu wananunua dagaa wazuri mimi naokota mabaki. Kumpeleka Dar lilionekana jambo la akili. Tatizo lilikuwa moja tu, mama hajawahi kuishi mahali asikojua kila mlango, na hata hiyo milango ya Ujiji ilikuwa imeanza kumponyoka. Nilijua akitoka hapa tutakuwa tumemwondoa kwenye kitu cha mwisho kinachomjua. Nilijua hivyo na bado nilisema sawa.

Kilichobadilisha mambo kilitokea bila mimi kupanga. Ilikuwa baada ya alasiri, nimerudi na beseni la dagaa kichwani, napita uani kwenda kwenye chanja. Mama alikuwa peke yake kwenye mkeka, mgongo kwangu, na alikuwa anasoma. Sijui kilichomrudisha, pengine ni kwa sababu sikuwepo. Alifika kwenye bahari mbili. Akasema swali. Akasita.

Nami, beseni kichwani, nikasema aya ya lulu na marijani, ambayo ndiyo inayofuata.

Sikufikiri. Ulimi uliitoa wenyewe. Mama hakugeuka. Aliipokea aya, akaisema kwa sauti yake, akasema swali, akaenda kwenye merikebu zinazopita baharini, akaenda mbele zaidi, akaenda. Nilisimama palepale shingo inauma mpaka alipokwama tena, na huko sikuwa na cha kumpa kwa sababu nami sikumbuki. Lakini alikuwa ametoka kwenye ule mzunguko.

Kila aliyeswali sala ya jamaa msikitini analijua hili. Imamu akikwama katika kisomo, aliye nyuma yake humpa aya. Humpa ile inayofuata tu, kwa sauti ya kawaida, kisha hunyamaza. Hamwambii amekosea. Hasogei mbele kuchukua nafasi yake. Imamu huipokea na kuendelea, sala inabaki yake, na baada ya salamu hakuna anayeomba radhi wala anayesimanga. Mama alitufundisha adabu hiyo barazani kwetu tukiwa watoto, na alikuwa mkali nayo. Ukimpa mwenzako aya mbili badala ya moja alikuuliza nani amekwambia uongoze wewe.

Jioni ile nikigeuza dagaa nililiwaza hilo mpaka nikageuza chanja moja mara mbili. Miezi yote nilikuwa nimesogea mbele na kuchukua nafasi. Kumbe nilikuwa nimeshafundishwa namna ya kufanya, na aliyenifundisha ni yeye.

Kesho yake nilifungua stoo nikatoa mkaa. Mpangaji aliniangalia, nikamweleza. Yeye ni mtu wa maneno machache. Alisema kwao kanisani pia mwimbaji akisahau hashushwi, wenzake wanaimba kidogo zaidi mpaka ashike. Tukapatana. Mama atapika wali wake, nasi tutakaa nyuma. Akisimama ameshika mwiko hajui kinachofuata, hatumwambii "chumvi," tunasogeza kibakuli cha chumvi mahali mkono wake utakapofika. Na akianza kuzunguka katika sura wakati mimi niko upande wa barabarani, mpangaji agonge mfuniko. Alikuwa anagonga mara moja, taratibu, kwa kiganja, naye bila kujua alikuwa anafanya kama wanavyofanya wanawake nyuma ya imamu mwanamume, ambao hupiga kofi kumzindua. Nikisikia mfuniko nilikuja.

Ila ili nimpe mtu aya lazima niwe nayo. Hapo ndipo aibu yangu ilipokuwa. Nikaanza kuhifadhi nikiwa na umri huu, kwa simu, sikioni, nikisubiri boti Katonga. Midomo inatikisika, macho yako ziwani. Wavuvi wakaona.

"Mama, leo tukuite shehe?" mmoja aliuliza akiwa bado anavuta kamba.

"Niite utakavyo, nipimie dagaa."

Nilisonga polepole sana. Niliyoyashika asubuhi yalinitoka jioni. Lakini kuna jambo nililipata ambalo sikulitafuta. Kwa miaka nilikuwa nasoma ili nimalize, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nasoma ili mtu mwingine asipotee, na maneno yakaniingia. Boti zikichelewa sikuwa nikitukana tena. Mvua ikija nilifunika dagaa kisha nikaendelea pale nilipoachia. Nilielewa sasa lile jibu lake la wakati wa msiba.

Kaka alikuja baada ya Idi kama alivyosema. Nilimpokea stendi akiwa na begi kubwa tupu, la kutilia nguo za mama. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba mama amerudi jikoni, akanijibu tutazungumza akifika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshaamua. Mama alimfurahia sana. Alimwita kwa jina la baba, kisha kwa jina lake, kisha akasema atampikia wali.

Kaka akakaa uani kwenye kigoda karibu naye. Mimi nilitoka mbele kuongea na mteja. Nikasikia mfuniko unagongwa. Nilikuwa bado napokea mfuko mkononi nikasikia sauti ya kaka, laini, ya mapenzi matupu, inasema, "Mama, hapo umeshapita."

Nilipofika mama alikuwa amenyamaza. Mwiko uko mkononi, macho yako kwa kaka, na ule uso wake wa kuulizwa mbele ya watu umerudi. Mpangaji aliinamia mboga zake. Wali ulianza kunukia vibaya.

"Usimwambie amekosea, kaka," nilisema. "Mpe inayofuata."

Alinitazama, akaelewa mara moja, maana hakuna aliyeijua adabu ile kuliko yeye. Akamgeukia mama, akafungua kinywa. Akangoja. Akasema lile swali, akasita, akalisema tena.

"Imenitoka," alisema. Hakuniambia mimi, alimwambia mama. "Mama, imenitoka yote."

Mtoto aliyechinjiwa mbuzi, mzima wa afya, alikuwa analia uani kwa mama yake. Sikumcheka, na mimi hucheka haraka. Nikaitoa aya. Mama aliipokea, akaisema, akaendelea mpaka mwisho nami nikiwa nyuma yake, akaepua. Tukala wali na ukoko wake, na kaka akala zaidi ya wote.

Baada ya chakula mama aliliona lile begi. Akauliza ni la nani. Kaka akamweleza kwa utaratibu, kuhusu nyumba, kuhusu hospitali, kuhusu msichana wa kazi ambaye atampikia kila kitu. Mama alisikiliza kwa makini, siku hiyo akili yake ilikuwa safi.

"Nitakwenda mkitaka," alisema. "Lakini huko nani atasimama nyuma yangu?"

Kaka alilivuta begi karibu. Aliinamisha kichwa akawa anafunga na kufungua zipu ya begi. Alikaa nasi muda kuliko alivyopanga, na kila alasiri nilimwona kwenye mkeka mbele ya mama, mtu mzima mwenye mvi, anajifunza upya. Alirudi Dar na begi limejaa dagaa. Sasa anapiga simu kila Ijumaa, tunaweka sauti ya juu, wanasoma pamoja. Mara nyingine mama anasahau kwamba kuna mtu kwenye simu na kuiweka kando, na kaka anaendelea kusoma peke yake huko aliko.

Mama hajapona, wala hatapona. Wali wenyewe siku hizi napika mimi, yeye anakaa karibu na kushika ungo. Kuna aya ambazo nampa hazipokei tena, zinapita tu. Siku itafika nitampa ile ya lulu na marijani naye atanyamaza. Hilo nalijua, na nalisoma kila siku pamoja na mengine, kwa sababu sina namna nyingine ya kulibeba.

Wiki iliyopita alikuwa barazani jua likiwa bado jepesi. Alianza sura mwenyewe. Akafika mahali akasita, nikampa aya, akaipokea. Lakini kabla ya kuendelea aligeuka, jambo ambalo hafanyi, akanitazama usoni vizuri, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia na heshima zake.

"Wewe mtoto wa nani?" aliuliza. "Umefundishwa vizuri."

Nilisogea karibu naye. Kisha nikamwambia, "Wa Bi Mwalimu."

"Ah, namjua," alisema. "Mkali kidogo yule."

"Kidogo tu," nilisema, na machozi yalikuwa yananitoka, sikuyafuta. Nikamwamkia shikamoo, kama inavyompasa mtoto wa watu. Akaitikia marahaba, akageuka, akaendelea na ile aya niliyompa.